Mstari Niliouacha Wazi

Mwalimu Ireri alifariki mwezi uliopita, na habari zilinifikia kwa simu nikiwa kwenye foleni ya dawa za presha hapa Meru mjini. Aliyenipigia ni Wawira, binti yake mkubwa, ambaye mara ya mwisho nilipoishi karibu naye alikuwa darasa la tatu na meno ya mbele hana. Alisema baba amekwenda, mazishi ni Ijumaa, nyumbani Kiambere, na kwamba mama yake anauliza kama yule mwalimu Mmeru bado yuko. Nikamwambia niko. Nilichukua dawa zangu, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa hadi askari wa mlangoni akaniuliza kama nimezidiwa. Nimefundisha maisha yangu yote, shule saba, na nilipostaafu mapema walinipa blanketi na saa ya ukutani. Lakini nikiulizwa ni mwaka upi ulionifanya mwalimu, nitataja ule mmoja wa Kiambere, na si kwa sababu nilifanya jambo jema huko.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ya chuo cha ualimu. Siku hizo shule za mbali ziliajiri watu kama mimi, walimu wasiosomea, ambao hedimasta angeweza kuwaambia Jumatatu wasije Jumanne. Nilitoka Mikinduri, kwenye mvua na migomba, nikajikuta Kiambere, nchi ya Mbeere, kwenye joto ambalo lilinifanya nilale sakafuni juu ya kanga iliyoloweshwa maji. Nyumba yetu ya walimu ilijengwa kwa matofali yaliyobaki watu waliojenga bwawa la Kiambere walipomaliza kazi yao na kuondoka. Ilikuwa nyumba moja ndefu iliyogawanywa vyumba, na kuta za katikati hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha kwanza aliambiwa pole kutoka chumba cha nne. Upande wangu wa kulia aliishi Mwalimu Ireri na mkewe, Mama Wawira, na watoto wanne. Kimbeere chao hakikuwa mbali sana na Kimeru changu, na baada ya miezi miwili nilikuwa nasikia yote, ingawa wao walidhani nasikia nusu. Mama Wawira hakuniuliza kama ninataka kula kwake. Wiki ya kwanza aliniona nikichemsha viazi peke yangu, akasimama mlangoni na kusema, "Hii ni chakula ya mgonjwa. Leta sahani." Tangu siku hiyo nilikula kwao: muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi siku za kawaida, ndengu zilizoungwa kwa samli Jumapili, na nyama ya mbuzi siku Mwalimu alipopata mshahara.

Ireri alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kuvaa kaptula za kaki zilizonyooshwa kwa pasi ya makaa. Alifundisha historia na uraia darasa la saba na la nane. Alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli ili betri zisichomoke, na daftari la kurasa nyingi ambamo aliandika jambo moja tu: marais wa Afrika na vyama vyao. Wengine hukusanya stempu. Yeye alitaka kujua kila rais aliingia madarakani na chama gani, kama alikibadilisha, kama chama kilimfia mikononi au kama chenyewe ndicho kilichomtoa. Walioingia kwa jeshi aliwaandikia neno moja kwenye safu ya chama, "bunduki", na wanafunzi walilipenda neno hilo kuliko yote. Tulipokuwa tukinywa chai ya saa nne chumba cha walimu, alitusomea kurasa za daftari hilo kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. "Tanzania vyama viwili viliungana vikawa kimoja, jina jipya kabisa," alikuwa akisema. "Senegal rais alitoka mwenyewe, akapanda ndege, chama kikabaki. Mnaona? Inawezekana." Walimu wengine walitazama vikombe vyao. Kwetu chama kilikuwa kimoja kwa sheria, na mtu mzima alitembea na kadi yake mfukoni pamoja na kitambulisho. Kwa vijana wa leo wanaochagua chama kama nguo ya sherehe, ni vigumu kueleza uzito wa vikombe vile vya chai.

Muhula wa pili ulipoanza, Ireri alitaka chati kubwa ya ukutani kwa ajili ya darasa la nane. Alinunua karatasi za manila Embu mjini, tukaziunganisha kwa gundi ya unga wa ngano aliyoikoroga Mama Wawira, naye akaniomba niandike mimi kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Huo ndio ulikuwa utajiri wangu pekee, mwandiko, na niliufurahia. Tulifanya kazi hiyo siku tatu mchana, kwenye meza yao, watoto wakiwa wamekatazwa kukaribia wino. Yeye alisoma kutoka kwenye daftari, mimi niliandika. Safu ya kwanza nchi, ya pili rais, ya tatu chama alichoanzia, ya nne chama alicho nacho. Nilipiga mistari kwa rula na kuzipa nchi zote mistari mitatu mitatu, kwa sababu nilikuwa nimeona nyingi zina marais wawili au watatu na nilitaka karatasi ipendeze. Uganda ilinishinda, ikabidi nibandike kipande cha karatasi kikaning'inia chini kama mkia. Tulipofika Kenya, aliniandikisha rais wa kwanza na chama chake. Kisha akaniandikisha wa pili, na kwenye safu ya chama alichoanzia akataja chama kingine, kile kilichojivunja chenyewe mwaka mmoja baada ya uhuru na kuingia ndani ya kile kikubwa.

Niliinua kalamu. "Mwalimu, tuandike hiyo?"

"Ni uongo?"

"Sijui. Sijawahi kusikia."

"Haukusikia kwa sababu watu hawasemi. Lakini wazee wote wanajua, na hata yeye mwenyewe hajawahi kukana. Rais haanguki kutoka mbinguni, Kathambi. Anatoka kwa chama, na chama kinatoka kwa watu waliokaa chumba kimoja wakabishana. Mtoto akijua hiyo peke yake, mimi nimemaliza kazi. Andika."

Niliandika kwa herufi safi. Mstari wa tatu wa Kenya ukabaki wazi, kama ule wa Tanzania na kama miwili ya Zambia, na mimi sikuuona hata kidogo, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ule wa pili.

Siku ya wazazi ilifika wiki sita baadaye. Wageni walipitishwa madarasani kuona kazi za watoto: vikapu, ramani za udongo, mashairi kuhusu miti. Mbele alikuwa Mzee Njagi, mwenyekiti wa chama wa eneo letu, mtu mkubwa mwenye fimbo na beji mbili kifuani, na hedimasta akimfungulia milango. Mimi nilisimama nyuma ya darasa la nane karibu na dirisha. Miongoni mwa wazee waliokuja kuona wajukuu alikuwamo mmoja aliyewahi kufanya kazi pamoja na Njagi kwenye shamba la mzungu huko Bonde la Ufa zamani za uhuru. Huyo mzee alijua kusoma, akasoma chati kwa kidole, taratibu, mpaka akafika Kenya, akaangua kicheko.

"Kumbe wameandika! Njagi, njoo uone. Si hiki ni kile chama chetu cha kule shambani? Wewe ulikuwa na kadi yake, tena unaivaa shingoni kwa kamba!"

Darasa zima la wazee likacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa cha watu wanaokumbuka ujana. Lakini niliuona uso wa Njagi. Hangeweza kusema jambo hilo si kweli mbele ya mtu aliyekuwa naye, wala hangeweza kulikasirikia bila kila mtu kuuliza kwa nini. Alisimama mbele ya ile karatasi, akaitazama juu mpaka chini, akitafuta. Kisha akainua fimbo na kugusa chini ya mstari wa pili.

"Na hii nafasi hapa," akasema, "ni ya nani?"

Kicheko kilikatika. Hedimasta alisema labda ni nafasi tu. Njagi akarudia swali lake. "Ninauliza, rais wetu yuko hai, ana afya, na hapa mmemwekea mtu nyuma yake. Ni nani? Mnamjua? Tuambieni na sisi."

Ireri alijibu kwa utulivu kutoka kando ya ubao. "Mwenyekiti, kila nchi ina mistari mitatu. Hata Zambia iko na nafasi. Angalia."

"Mimi si mwenyekiti wa Zambia," Njagi akasema.

Chati ilibanduliwa siku hiyohiyo, ikakunjwa, ikaondoka ndani ya gari lake. Jumatatu hedimasta alituita wote chumba cha walimu. Alikuwa ameandika mambo kwenye karatasi, akayasoma bila kutuangalia. Alisema wakubwa wa mjini wanataka jina. Wanataka kujua ni nani aliyechora ile chati na kuacha ile nafasi. Tulikuwa walimu tisa. Hapakuwa na mmoja ambaye hakuujua mwandiko wangu, maana mimi ndiye niliyeandika ratiba iliyokuwa juu ya kichwa cha hedimasta wakati anaongea. Nilifungua mdomo, au nakumbuka nikifungua. Ireri alikuwa ameshasema.

"Ni mimi. Nilichora mwenyewe nyumbani kwangu."

Hedimasta alimtazama, akanitazama mimi, akatazama ratiba. "Wewe mwenyewe, mwalimu? Na ile nafasi pia?"

"Nilikosea kuhesabu mistari."

Hedimasta akaandika. Mimi niliufunga mdomo wangu. Watu hupenda kusema kwamba katika saa kama hiyo aibu humjaa mtu. Kwangu kilichotangulia kilikuwa nafuu, nafuu tamu kama maji. Aibu ilikuja mchana, nilipoletewa sahani ya kunde na mtoto wa Ireri.

Walimweka mjini siku tatu. Alirudi kwa miguu kutoka barabarani, akaoga, akala, akatuambia kwamba alikalishwa kwenye benchi na kuulizwa swali lilelile na watu tofauti. Jioni hiyo niliwasikia juu ya ukuta. Mama Wawira alikuwa akiosha sufuria na kuzigonga.

"Niambie ukweli," alisema kwa Kimbeere. "Uliacha ule mstari kwa nini?"

"Nimekwambia. Nilikosea kuhesabu."

"Wewe? Wewe unayehesabu hata punje za mbegu?"

"Mtu hukosea."

"Watu wanakosea kwa mambo yao. Wewe umekosea na watoto wanne." Sufuria ikagonga tena. "Mjinga kabisa. Mistari mitatu inakushinda."

Nilikaa upande wangu, hatua mbili kutoka kwake, nikiwa na maneno yote niliyoyahitaji kwa lugha aliyoielewa, na sikuyasema. Kuanzia wiki hiyo nilianza kuchemsha viazi vyangu tena, nikisingizia tumbo.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya muhula kwisha. Timau. Kutoka Kiambere ilikuwa kama kumtuma mtu nchi nyingine: juu kwenye baridi ya mlima, kwenye mashamba ya ngano, mahali ambapo ndengu hazioti na mbuzi wa Mbeere hufa kwa kikohozi. Mama Wawira hangeweza kwenda. Shamba lilikuwa lao, mbuzi walikuwa wao, watoto walikuwa shuleni. Asubuhi ya kuondoka nilimsaidia Ireri kufunga vitabu kwenye sanduku, mkewe akiwa kisimani, na nikamwambia, nikilia, kwamba nitakwenda kwa hedimasta niseme.

Alikasirika. Ilikuwa mara ya pekee kumwona amekasirika. "Useme nini? Mimi nimesomea, niko na namba ya ualimu. Mtu kama mimi wanamhamisha. Wewe hauna kitu. Wewe watakufukuza, na barua ya chuo haitakuja, na mimi bado nitaenda Timau. Hiyo itakuwa faida ya nani?" Alivuta kamba ya sanduku kwa goti. "Fanya hesabu, Kathambi."

Ile hesabu ilikuwa sahihi. Nimeifanya mara nyingi tangu hapo, kwa pande zote, na kila mara inatoka vilevile, na haijanisaidia. Barua ya chuo ilikuja Desemba. Niliondoka Kiambere nikiwa na sanduku moja, Mama Wawira akanipa debe la ndengu na kunishika mkono kwa mikono miwili, akinitakia masomo mema.

Mwaka uliofuata, mwishoni, sheria ilibadilishwa na vyama vingine vikaruhusiwa. Nilikuwa likizo nyumbani, na kutoka kwetu hadi Timau si mbali, ni karibu zaidi kuliko kutoka kwake hadi kwa mkewe, nikaenda. Nilimkuta kwenye chumba cha mbao, amevaa koti la jeshi lililomfika visigino, jiko la mkaa katikati ya miguu. Midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi. Lakini alifurahi kama mtoto. Alikuwa na daftari jipya. "Zambia imejaza mstari wa pili!" alisema kabla sijaketi. "Kwa kura! Rais mpya, chama kipya, na wa zamani akakubali." Tulikunywa chai bila maziwa na kula viazi, na akanieleza jinsi atakavyopanga upya kurasa za Kenya maana sasa zitahitaji nafasi kubwa. Hakukosea. Tangu rais wa pili alipoondoka, kila mmoja ameingia Ikulu na chama ambacho mtangulizi wake hakuingia nacho, na wawili walirudi kuomba muhula wa pili kwa chama tofauti na kile kilichowaingiza. Mzee Njagi mwenyewe alihama vyama vinne kabla ya kufa, na nasikia kila mara alikuwa mwenyekiti.

Nilipoaga, nilimwuliza kama ninaweza kumwandikia Mama Wawira sasa, kwa kuwa hatari imekwisha.

"Hapana," akasema. "Mimi ameshazoea kunilaumu. Mimi ni bwana yake, tutapatana. Wewe akikulaumu atakulaumu mpaka kufa, na amekupenda. Acha tu. Niahidi."

Niliahidi. Alikaa Timau miaka sita. Alirudishwa Mbeere akiwa na kifua kibovu ambacho hakikumwacha tena. Siku aliporudi, Njagi alimpelekea mbuzi dume bila ujumbe wowote, na Ireri akamchinja, wakala. Haya niliambiwa kwa barua. Tulionana mara chache, kwenye arusi na mazishi ya walimu wengine, na hatukulitaja jambo lile.

Ijumaa ile ya mazishi nilifika Kiambere mapema. Palikuwa na mahema, vipaza sauti, na waheshimiwa wa vyama vitatu, kila mmoja akidai marehemu alikuwa mwenzao kwa fikira. Mmoja aliwaambia vijana kwamba Mwalimu alihamishiwa Timau kwa kupigania demokrasia, watu wakapiga makofi. Mama Wawira alikuwa amekaa mbele, amezeeka, mwembamba, mkono mmoja kwenye shavu. Aliposikia hayo nilimwona akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia bei isiyo ya kweli. Baada ya kuzika, watu walipokwenda kwenye chakula, nilimfuata kwenye viti vya familia. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kama ahadi kwa mtu huisha anapokufa. Nilikaa kando yake nikasema.

"Mama Wawira, ule mstari niliuacha mimi. Chati ilikuwa mwandiko wangu. Mwalimu alinifunika."

Aligeuka akanitazama. "Wewe?"

"Ni mimi, mama. Alinikataza kukuambia."

"Na ulikuwa hapo tu. Upande ule mwingine. Unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Alirudisha macho kwenye kaburi, ambako vijana walikuwa wakipanga maua. Alipoongea alikuwa haongei nami hasa.

"Miaka yote hiyo, nikikasirika namwambia hajui kuhesabu. Akihesabu mbuzi jioni, namwambia rudia, wewe na mistari yako. Akihesabu pesa ya kanisa, rudia. Hata juzi hospitali, anahesabu vidonge vyake, nikamwambia, rudia, mzee, wewe hesabu ilikushinda zamani." Alikunja ncha ya leso yake. "Na alikuwa anarudia, Kathambi. Anatoa vyote, anapanga, anaanza moja."

Nilinyoosha mkono kumshika. Aliuondoa, si kwa nguvu. "Ungeniambia wakati ule ningekupiga," akasema. "Leo sina la kukufanya. Nenda ukule."

Aliinuka peke yake, akajifunga leso kiunoni, akatembea mpaka kaburini. Aliwaambia wale vijana wasogee, nao wakasogea. Alisimama pale ameinamisha kichwa, na niliona midomo yake ikicheza. Alisema naye kwa muda mrefu. Sikwenda kula, wala sikumkaribia. Nilikaa palepale mpaka watu wa kukodisha viti wakafika kwenye safu yangu na kuniomba ninyanyuke.